Inua mdomo wa mtoto uangalie: jinsi ya kuyaokoa meno ya utoto

Leo jioni kabla mtoto hajalala mlaze mapajani kwako, kichwa kikiwa upande wa tumbo lako, washa tochi ya simu alafu kwa kidole kimoja inua mdomo wa juu polepole mpaka uone pale jino linapoingia kwenye fizi. Hapo ndio pa kuangalia. Ncha ya jino iache, angalia juu kabisa karibu na fizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, mweupe uliofifia usiong'aa kama sehemu nyingine ya jino, hiyo ndio alama ya kwanza kwamba jino limeanza kuoza, na kwa hatua hiyo bado linaweza kurudi likawa gumu. Kama mstari umekuwa wa kahawia au jino limeanza kumegeka basi limeshatoboka, lakini hata hapo kuna kazi ya kufanya na nitaieleza huko chini.

Mimi sikuinua mdomo. Tunakaa Bombo, Uganda, mume wangu ni askari, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa kulala na chupa, chai ya maziwa yenye sukari, manake bila ile chupa halali na baba yake akitoka zamu anataka apumzike na nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Alipofika mwaka na nusu niliona meno ya mbele ya juu yana rangi ya kahawia, nikasema ni ile dawa ya damu aliyokunywa. Jirani akaniambia hayo ni meno ya utoto, yatatoka tu, usijisumbue. Alipokuwa na miaka mitatu na miezi kidogo akakaa siku nne hali kitu, usiku analia, fizi imevimba ina usaha, na tulipofika kituo cha afya meno manne ya mbele yaling'olewa yote siku ile ile. Kichwa nilimshika mimi mwenyewe. Yule dada wa chumba cha meno alipomaliza akaosha mikono, akakaa na mimi karibu saa nzima ananieleza, hakunigombeza hata neno moja, na mengi ninayoandika hapa yalianzia kwenye ile saa, mengine niliyatafuta baadaye kwa sababu nilitaka nielewe kilichompata mtoto wangu. Wadogo zake wawili waliomfuata hawana jino lililooza, na hatuna pesa zaidi ya tulizokuwa nazo wakati ule.

Wadudu gani hasa?

Sisi tunasema jino limeliwa na wadudu. Wengine wanapeleka mtoto kwa mganga, anachoma mbegu kwenye kaa la moto, mtoto anafunikwa shuka avute moshi kwa mdomo, alafu mama anaonyeshwa vitu vyeupe vidogo kwenye bakuli la maji, ati ndio wadudu wenyewe wametoka. Vile vyeupe ni viini vya zile mbegu vilivyopasuka kwa moto. Ndani ya jino hakuna funza.

Lakini wadudu wapo kweli, ni bakteria, wadogo huwezi kuwaona kwa macho, na wanakaa kwa mdomo wa kila mtu, wako na wangu pia. Mwaka 1890 Mmarekani mmoja, Willoughby Miller, aliyekuwa anafanya kazi Berlin, alieleza kwamba hawa bakteria wakipata sukari na wanga wanatoa asidi na hiyo asidi ndiyo inayolainisha jino. Yaani wao hawatafuni jino, wanakula chakula cha mtoto wako na kile wanachotoa ndicho kinachomaliza jino. Mwaka 1924 huko London, daktari Kilian Clarke akamkuta mmoja wao kwenye meno yaliyooza akampa jina Streptococcus mutans, na mpaka leo huyo ndiye anayetajwa sana, ingawa hayuko peke yake, ana wenzake wengi wanaopenda asidi kama yeye.

Huyu ana tabia mbaya mbili. Kwanza anatengeneza asidi haraka na mwenyewe anaishi vizuri ndani ya asidi ambayo bakteria wengine wasio na shida inawaua. Pili akipata sukari ya kawaida hii ya dukani anaitumia kutengeneza kitu kama gundi, anajishika nacho kwenye jino na kuwashika wenzake. Ule utando mweupe laini unaoukwangua kwa ukucha asubuhi, ukoga, ndio nyumba yao. Kusukutua maji hakuutoi kwa sababu umegandia, lazima kitu kiusugue.

Na mtoto hazaliwi naye. Anampata kwa mate, mara nyingi ya mama, manake ndiye anayekaa naye zaidi: unaonja uji na kijiko alafu kijiko hicho hicho kinaenda kwa mtoto, unamtafunia nyama, chuchu ya chupa ikianguka unailamba ndio unamrudishia. Baba naye, jaja yaani bibi au babu naye, watoto wenzake naye. Sasa usianze kuogopa kumbusu mtoto wako, hakuna mama ataweza kuishi hivyo na hata ukikwepa wewe atampata nasari. La maana ni mdomo wako uwe na wachache. Kama wewe mwenyewe una magego matatu yenye mashimo unayoyavumilia na Panadol, hayo ni makao ya bakteria na kila kijiko unachoonja kinawabeba. Mama mjamzito anaweza kutibiwa meno, waambie tu kwamba una mimba na ya miezi mingapi. Na kijiko chako kiwe chako, cha mtoto kiwe cha mtoto, na cha kutafunwa kipondwe kwa uma. Hiyo haina gharama.

Hesabu mara, usihesabu vijiko

Hili ndilo neno ambalo ningetaka kila mama alishike hata kama mengine yote atasahau. Sisi tukisikia sukari ni mbaya tunafikiria vijiko, tunapunguza kutoka viwili hadi kimoja tunaona tumefanya kazi. Kwa jino, kinachoumiza zaidi ni mara ngapi kwa siku.

Sababu yake ni hii. Mtoto akinywa kitu cha sukari, asidi inaongezeka kwenye jino ndani ya dakika chache tu. Mate ndio yanakuja polepole kuiosha na kurudisha madini kwenye jino, na hiyo kazi inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima. Mmarekani Robert Stephan ndiye aliyelipima hilo miaka ya 1940. Sasa chukua mtoto anayekunywa kikombe kimoja cha chai ya sukari na chapati asubuhi akamaliza, jino lake limeshambuliwa mara moja na limepata mapumziko mpaka mchana. Alafu chukua mwingine, chai ile ile kikombe kile kile, lakini iko kwa kichupa chenye kidomo anatembea nacho uwanjani, anavuta kidogo, anacheza, anarudi anavuta kidogo, saa tatu nzima. Sukari ni ile ile. Jino la huyu wa pili halikupata nafasi ya kupumzika hata mara moja.

Ushahidi wake ni wa kuhuzunisha. Huko Sweden miaka ya 1940 kwenye taasisi ya Vipeholm, mjini Lund, walikuwa wanatunza watu wenye ulemavu wa akili, wakawapa wengine sukari kwenye mlo na wengine tofi za kunata katikati ya milo, makusudi, waone meno yataoza vipi. Waliokula sukari pamoja na chakula meno yao hayakuharibika sana. Waliokula tofi katikati ya milo yalioza vibaya. Wale watu hawakuulizwa kama wanakubali na haikuwa haki, najisikia vibaya kila nikilikumbuka, na kwa kuwa waliumia hivyo basi angalau tusilipuuze kile meno yao yalichotuonyesha.

Kwa hiyo kaa chini jioni moja uhesabu. Usimwambie mtu, andika tu kwa karatasi kila kitu chenye sukari kilichoingia mdomoni mwa mtoto tangu alipoamka: chai, bushera ya sukari (ile togwa ya mtama au ulezi), biskuti aliyopewa na jirani, juisi ya pakiti, switi ya dukani alipotumwa chenji, kabalagala (vile vitumbua vya ndizi), soda aliyoonjeshwa na mjomba, sirapu ya kikohozi. Watu wengi wanaofanya hivi wanafika mara saba, nane. Lengo lako liwe isizidi mara nne kwa siku, na hizo ziwe wakati wa kula. Sisemi umnyime, hapa kwetu miwa iko kila mahali na ukienda Kakira au Lugazi au Kinyara unakuta shamba la miwa mpaka mwisho wa macho, mtoto wa Uganda hawezi kukua bila kuonja sukari. Kama ana switi mpe baada ya chakula cha mchana aile amalize, usimpe ya kumumunya njiani.

Katikati ya milo mpe vitu ambavyo bakteria hawavifurahii sana: yai la kuchemsha, ovakado, karoti iliyochemshwa kwa mdogo, maziwa yasiyo na sukari, tunda zima badala ya juisi yake, hindi la kuchemsha kwa mkubwa kidogo. Karanga nzima usimpe aliye chini ya miaka mitano, zinampalia, mpe odi, yaani karanga zilizosagwa za kupaka, isiyowekwa sukari. Na kiu ni ya maji. Mtoto aliyezoeshwa maji tangu miezi sita anakunywa maji, aliyezoeshwa juisi anayakataa, na kumrudisha inachukua kama wiki mbili za kelele, unapunguza juisi na kuongeza maji kila siku mpaka anakunywa maji matupu.

Kwa aliye chini ya mwaka mmoja uji usitiwe sukari kabisa, hajui utamu bado, wewe ndiye unayemfundisha. Asali pia hapana kabla ya mwaka, hiyo hata si habari ya meno, ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza mtoto mchanga mwili mzima.

Usiku

Usiku mate yanapungua sana. Ndio maana unaamka na mdomo unanuka. Na mate ndiyo yaliyokuwa yanamlinda mtoto mchana kutwa, kwa hiyo maziwa ya sukari au chai atakayolala nayo mdomoni inakaa pale imetuama kwenye meno ya juu mpaka asubuhi. Meno ya chini ya mbele yanafunikwa na ulimi na mate yanayatiririkia, ndio maana ukiangalia mtoto wa chupa unakuta ya juu yameoza na ya chini mazima kabisa, na mtu asiyejua anashangaa ni uchawi gani.

Kumwachisha chupa ya usiku hivi ndivyo nilivyofanya na wa pili. Usiku wa kwanza chai ile ile lakini nusu ni maji. Siku tatu baadaye robo tu ni chai. Alafu maji matupu. Alilia usiku mbili, nilimbeba mgongoni nikatembea naye ndani, mume wangu akaamka akamchukua, na ya tatu akalala. Ukiweza, akifika mwaka mmoja mfundishe kikombe cha kawaida, chupa uifiche.

Kunyonyesha nako kina mama wananiuliza sana. Usiache kunyonyesha kwa sababu ya meno. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka miaka miwili na zaidi, na maziwa ya mama yana faida nyingi mno. Kinacholeta shida ni mtoto aliyepita mwaka, meno yapo, mchana anakula biskuti na chai ya sukari, alafu analala na ziwa mdomoni usiku mzima bila meno kusafishwa. Msafishe meno kabla ya kulala, mnyonyeshe akishiba mtoe taratibu, na sukari za mchana zipungue. Hapo umefanya sehemu kubwa.

Kusafisha sasa. Kabla jino halijatoka, kila jioni funga kitambaa safi chenye maji kwenye kidole umpanguse fizi, afya ya fizi ni nzuri lakini faida kubwa ni kwamba anazoea kidole chako mdomoni. Jino la kwanza linatoka karibu na miezi sita, wengine wanachelewa na si ugonjwa, na siku unapoliona ndio siku ya kuanza brashi. Brashi ndogo ya mtoto, laini. Dawa ya meno, ile tunayoiita Colgate hata kama ni ya kampuni nyingine, iwe ina floraidi na kwenye karatasi ya boksi utafute namba, iwe 1000 ppm au zaidi kidogo, zile zenye picha za katuni nyingine zina floraidi kidogo sana au hazina kabisa, unalipa picha. Ya watu wazima yenye 1000 mpaka 1500 inafaa nyumba nzima, kinachobadilika ni kiasi: chini ya miaka mitatu weka kama punje ya mchele, uipake ndani ya brashi isikae juu ikalambwa. Miaka mitatu mpaka sita kama punje ya njegere. Yale mapovu mdomo mzima kwenye matangazo ya runinga yasahau.

Floraidi inafanya nini? Inasaidia madini kurudi kwenye jino pale palipoanza kulainika, na pakirudi panakuwa pagumu kuliko mwanzo kwa asidi. Ndio maana ule mstari mweupe wa chaki unaweza kupona. Lakini lazima ikae kwenye jino, kwa hiyo akimaliza ateme tu, asisukutue na maji. Hili linawashangaza watu wote ninaowaambia, tumezoea kusukutua mara tatu na kikombe, tunaosha dawa yote tunaimwaga. Mdogo asiyejua kutema mpanguse na kitambaa, punje ya mchele akiimeza haimdhuru. Tyubu yenyewe iweke juu asiifikie, isije akainyonya kama switi.

Kuna wanaoishi sehemu ambazo maji yenyewe yana floraidi nyingi, kama sehemu za Kisoro na Kasese, huko utaona watu wazima wana meno yenye madoa ya kahawia na magumu. Hayo si kuoza, ni floraidi iliyozidi wakati jino linaumbwa ndani ya fizi. Kama uko huko fuata kile kiasi cha punje bila kuzidisha na muulize mtu wa meno wa eneo lako maji yenu yakoje.

Mkaa na chumvi hapana kwa mtoto, mkaa unakwangua na hauna floraidi. Mswaki wa mti kwa mkubwa anayejua ni mzuri, unasugua ukoga vizuri, lakini mdomo mdogo wa mtoto wa miaka miwili unachubuka na magego hayafikiki.

Mara mbili kwa siku, na kama una nguvu ya mara moja tu basi iwe usiku, baada ya hapo ni maji peke yake. Anayeshika brashi ni wewe. Mpe yake achezee akimaliza chukua umalizie, mpaka afike miaka saba au nane hivi, mikono yake bado haiwezi kugeuza brashi vizuri, kipimo rahisi ni kama anaweza kufunga kamba za viatu vyake. Kama analia na kupigana, kaeni watu wazima wawili magoti yakigusana, mtoto amkalie mmoja akimtazama usoni, alafu alazwe nyuma kichwa kifike mapajani mwa mwingine. Wa kwanza anashika mikono kwa upole, wa pili anaona mdomo wote na anasugua. Akilia mdomo umefunguka, ndio nafasi yako. Dakika mbili imekwisha, mbebe, msifu. Wangu wa tatu alilia mwezi mzima na sasa ndiye anayenikumbusha.

Anza na mstari wa fizi meno ya mbele ya juu, usugue kwa miduara midogo, alafu magego, pale juu kwenye mabonde ndipo chakula kinajificha.

Sirapu za dawa

Mtoto anayekunywa dawa mara kwa mara, mwenye siko seli au pumu au anayekunywa septrini kila siku, mama yake aangalie hili. Sirapu nyingi zina sukari ili mtoto aikubali. Mpe wakati wa chakula badala ya wakati wa kulala kama maagizo ya dawa yanaruhusu, mpe maji anywe baada yake, na muulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari au kidonge cha kuyeyusha. Dawa yenyewe usiikatishe kamwe.

Ebinyo

Siwezi kuandika habari ya meno ya watoto Uganda nikalipita hili. Mtoto wa miezi mitano anaharisha, ana homa, anatema ziwa, mtu anamfungua mdomo anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi pale chonge zitakapotokea, anasema ni ebinyo, meno ya uongo, lazima yatolewe ama mtoto atakufa. Wanatoa na spoku ya baiskeli au kisu, bila ganzi. Mwaka 1969 daktari Mdenmark Jens Pindborg alishaliandika alivyolikuta kwa Waacholi kaskazini, kwa hiyo si jambo la jana.

Vile vivimbe ni chonge zenyewe, meno halali ya mtoto, zinakua chini ya fizi kama kila mtoto duniani anavyokuwa nazo. Ukizichimba mtoto anaweza kutoka damu isisimame, akapata pepopunda au sumu kwenye damu, au HIV kutoka kwa chuma kilichotumiwa kwa mwingine, na hata akipona chonge za ukubwani zinatoka zimepinda au hazitoki, kwa sababu mbegu yake ilikuwa pale pale. Kuharisha kulikuwa kwa maji machafu au virusi vya tumbo, homa pengine ni malaria. Mpe ORS na zinki, endelea kunyonyesha, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na kama mama mkwe ndiye anayesisitiza, nenda naye kituo cha afya, mwachie nesi amweleze kwa heshima, mzee akielezwa na mtu wa nje bila kuaibishwa mara nyingi anasikia.

Kama limeshaoza

Usingoje liume. Jino la utoto lina ganda jembamba kuliko la ukubwani, shimo linafika kwenye neva kwa miezi michache. Na usiseme yatatoka tu: magego ya utoto yanatoka kati ya miaka tisa na kumi na mbili, hiyo ni miaka mingi ya kutafuna upande mmoja na kuamka usiku, na yaking'olewa mapema majirani zake yanalala juu ya nafasi na ya ukubwani yanatoka yamepindana.

Kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne mara nyingi kuna afisa wa meno, hospitali za wilaya pia, na Mulago, hospitali kubwa ya taifa Kampala, ndiko zinakopelekwa kesi ngumu. Ukifika uliza kabla ya kukubali kung'oa: linaweza kuzibwa? Kuna njia ya kuziba bila mashine, wanatoa sehemu iliyolainika kwa vifaa vya mkono wanajaza simenti inayotoa floraidi, haihitaji umeme na mara nyingi haihitaji sindano, njia hii ilianzishwa hapa hapa jirani Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kuna pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi inayopakwa tu kwenye shimo ikasimamisha kuoza, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, uliza kama wanayo. Ujue tu kwamba pale palipooza panakuwa peusi kabisa na panabaki hivyo. Kwa gego sijali, kwa meno ya mbele ni wewe na mtoto mkubaliane. Kwa yule mwenye mstari mweupe tu wanaweza kumpaka floraidi nzito kila baada ya miezi kadhaa.

Maumivu ya usiku mpe parasetamoli kwa uzito wake. Asprini mtoto hapewi, na kuiweka juu ya fizi inachoma nyama. Tumbaku, petroli, maji ya betri, hapana, hapana kabisa. Na kama shavu limevimba mpaka jicho linajifunga, au uvimbe uko chini ya taya, ana homa, hawezi kumeza au kufungua mdomo, panda boda usiku huo huo, hiyo haisubiri asubuhi.

Jambo la mwisho ni la miaka sita. Nyuma kabisa ya magego yote ya utoto litatoka gego jipya, kila upande, juu na chini, bila jino lolote kung'oka kwanza, na kwa sababu hakuna kilichotoka wazazi wanadhani ni la utoto na wanaliacha. Hilo ni la maisha yake yote, halina jingine nyuma yake. Linatoka polepole miezi mingi, liko chini kuliko wenzake kwa hiyo brashi inapita juu yake hailigusi. Tangu afike miaka mitano na nusu mwambie afungue mdomo kila mwezi uangalie huko nyuma na tochi, na ukiliona, hata kama nusu bado iko ndani ya fizi, ingiza brashi kutoka pembeni ya shavu, uilaze, usugue juu yake peke yake kama mara ishirini kila usiku, upande wa kulia, alafu wa kushoto, juu na chini.